Barua Zenu: Waliokuchangia Hawakukukopesha

Kaskazi ikianza kuvuma, barua za ukurasa huu hubadilika. Zile za ndoa na mirathi hupungua, zikaja za vijana waliovuka bahari kwenda kusoma, na za wazazi wao. Wasomaji wapya wajue kwamba mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lamu, mzaliwa wa Langoni. Kuanzia Oktoba 2009 nilisoma miaka 2 mjini Leipzig, Ujerumani, na tangu niliporudi nimekuwa nikifuatilia habari za kule kwa ajili ya wanafunzi wangu. Barua nne za mwezi huu zote ni za upande huo. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, na naomba wazazi nao waisome.

*Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni binti wa Lamu, mtaa siutaji maana utanijua. Nasomea shahada ya pili hapa Leipzig, na hii ni wiki yangu ya saba. Kabla sijaondoka mtaa mzima ulinichangia. Kina mama wa chama, manahodha, hata mzee anayeuza kahawa Mkunguni alitoa shilingi 100. Siku ya safari walinisindikiza mpaka gatini, wengine wakapanda mashua nami mpaka Manda, kwenye uwanja wa ndege. Sasa kila siku nalia. Masomo ni ya Kiingereza, lakini nikitoka mlangoni kila kitu ni Kijerumani. Nyumbani tuko wasichana wanne, kila mmoja na chumba chake, na hata majina yao siyajui sawasawa. Nakula mkate chumbani. Nimekosa vipindi vinne. Kuna barua tisa za Kijerumani zimeletwa, sijazifungua, nimezitia chini ya godoro. Mama akipiga simu naosha uso kwanza, kisha namwambia alhamdulillahi, mambo ni mazuri. Nikirudi nitawaambia nini watu? Na nikikaa nitakaaje?*
*Binti wa Lamu, Leipzig*

Waleikum salaam, mwanangu. Barua yako niliisoma jioni, nikaiweka, nikaisoma tena baada ya isha. Nianze na bahasha.

Zitoe chini ya godoro leo, kabla hujafanya jambo jingine. Nchi ile inaendeshwa kwa barua. Hata Wajerumani walipokuja huku kwetu, mapema kabisa walifungua posta, mwaka 1888, wakaifunga 1891, na nyumba yake bado unaijua ilipo. Hapa mtu akikudai atakuja barazani kwenu au atakupigia simu. Kule utaandikiwa, na ukinyamaza watahesabu kwamba umepata na umekubali. Tatu kati ya hizo tisa naweza kuzikisia kutoka hapa nilipo. Moja ni ya bima ya afya, kwa sababu hakuna mwanafunzi anayeandikishwa chuoni bila bima, na hulipwa kila mwezi. Hiyo usiichezee kabisa: deni likilundikana, chuo kinaweza kukataa kukuandikisha muhula unaofuata. Ya pili ni ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Hutozwa nyumba, hahesabiwi mtu, kwa hivyo ninyi wanne mnalipa moja na kugawana. Huenda mmoja wa wenzako tayari anailipa, nawe hujui kwa kuwa hujamuuliza. Ya tatu ina namba yako ya kodi, inayoletwa ukishajiandikisha makazi kwa manispaa. Iweke vizuri, siku utakayopata kazi ndogo wataiuliza. Na kama hujajiandikisha makazi, sheria inakupa wiki 2 tu tangu kuhamia, basi nenda kesho asubuhi, uombe radhi, ujiandikishe.

Zilizobaki zibebe zote uende nazo ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, au kwa washauri wa Studentenwerk, lile shirika linaloendesha mabweni na kantini za wanafunzi. Wana watu wa kukusaidia makaratasi na fedha, na wana wengine wa kusikiliza mambo ya moyo, na hutoi senti. Wiki saba za kulia ni sababu tosha ya kubisha mlango ule.

Sasa nikwambie la kwangu, ambalo kwa miaka mingi alilijua mama peke yake.

Nilifika Leipzig Jumamosi jioni. Jumapili maduka yamefungwa, ndiyo sheria yao, nami sikuwa na habari. Nilikula mahamri niliyofungiwa na mama, yamekauka, nikiyachovya kwenye maji ya moto ya mfereji. Chumba kilikuwa baridi. Chini ya dirisha palikuwa na chuma kipana cha kupasha joto, na ubavuni mwake kitasa cheupe cha plastiki cha kuzungusha, kimeandikwa namba 1 mpaka 5, na kabla ya 1 pana alama kama nyota. Nilikitazama sana kile kitasa. Nikaona 1 lazima iwe ndiyo kubwa, kama namba moja darasani. Nikakiweka hapo. Chuma kikawa vuguvugu kidogo, basi. Nikajaribu nyota nikidhani ni jua. Kumbe ile ni chembe ya theluji, maana yake chuma kipate joto kidogo tu, mabomba yasigande. Nililala usiku tisa na koti, buibui juu ya koti, leso mbili nimejifunga kichwani.

Ng'ambo ya ukuta wangu alikaa msichana wa Vietnam. Nilimsikia akikohoa, akikokota kiti, akicheka kwenye simu. Kutoka mlango wangu mpaka wake ni hatua tano. Sikwenda. Nilijiambia: watu wamejibana wakanichangia nije nisome shahada ya pili, nami niende nikaulize namna ya kuwasha joto? Aibu ikishamwingia mtu kiasi hicho, hata swali la kitasa huwa zito.

Usiku wa kumi mama akapiga. Nikamwambia mambo mazuri. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mbona meno yanagongana?" Hapo nikalia, nikamweleza yote. Mama yangu alisoma chuoni Qurani yake akamaliza, na shule akaishia darasa la nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nimekula nini, halafu akaniamrisha niende mlango wa jirani saa hiyo hiyo na simu nisiikate, asikie nikibisha. Nikabisha. Yule msichana akaja akiwa na mswaki mdomoni, akakishika kitasa, akakizungusha hadi 3, akaninyooshea vidole vitatu. Mama bado yuko hewani, ananiambia, "Mpe kitu, usimwache aende mikono mitupu." Nikampa tende. Salio la mama likakatika hapo. Robo saa baadaye nilivua koti kwa mara ya kwanza.

Nakueleza haya kwa sababu ya lile linalokukaba hasa, nalo ni mchango. Mama alikuwa na daftari la kurasa 32, ameandika kila jina na kila kiasi. Nililinakili lote nikasafiri nalo. Kuna bibi mmoja alitoa shilingi 50 na doti moja ya leso. Kila nilipokuwa sielewi somo, nalitazama jina la yule bibi, na moyo unazama. Nilipomwambia mama hivyo alinijibu maneno ambayo nakukabidhi kama yalivyo: "Waliokuchangia hawakukukopesha." Ni kweli. Mtu wa kwetu akitoa kwenye harusi, kwenye matanga au safari ya masomo, anajua nawe utatoa siku ya mwanawe. Yule mzee wa kahawa hasubiri ripoti ya mitihani. Akimwona mama yako anapita Mkunguni atauliza, "Mtoto yuaonaje huko?" na anataka kujua kweli unaonaje, unakula nini, baridi imekuzidi au la. Ukimpa habari ya uongo, umemnyima kitu pekee alichouliza.

Kwa hivyo mwambie mama. Mtaa mzima si lazima, mama inatosha, naye atajua la kusema nje. Lakini usimpigie usiku wa manane nawe unalia, maana yuko mbali na hawezi kukushika, atakesha mpaka alfajiri. Mpigie Jumapili baada ya alasiri ya huku. Saa za kwenu zilirudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hivyo Lamu sasa iko mbele yenu kwa saa 2, si 1 tena. Mwanzie na ulichofanya: nimefungua barua, nimekwenda ofisi fulani, nimezungumza na mwenzangu wa chumba cha pili. Kisha mwambie kinachouma. Mzazi akisikia umeanza kujitafutia njia, hata machozi yako huyabeba kwa nguvu nyingine.

Vipindi vinne vinafidika. Mwandikie mhadhiri mistari mitatu, umwombe saa ya kumwona; wana saa maalumu za wanafunzi kila wiki. Sisi tumelelewa kumwogopa mwalimu, na walimu wenyewe tuna lawama hapo. Kule ukinyamaza mwalimu huchukulia kwamba umeelewa. Kubwa zaidi ni mitihani. Usidhani kuhudhuria darasa kunatosha. Kila mtihani unajiandikisha wewe mwenyewe kwenye mfumo wa chuo, na tarehe ya mwisho ikipita imepita. Itafute wiki hii uiandike ukutani. Saa zao nazo zina mtego. Ukiona c.t. kwenye ratiba, kipindi kinaanza robo saa baada ya saa iliyotajwa, na s.t. ni pale pale. Mjerumani akikwambia "halb drei", yaani nusu ya tatu, ana maana nusu saa kabla ya tatu, ambayo kwa hesabu yetu ni saa nane na nusu mchana. Mimi nilimwendea mhadhiri saa tisa na nusu, nikakuta mlango umefungwa, na nilikuwa nimengoja siku ile wiki mbili.

Halafu toa chakula chumbani. Nenda Eisenbahnstraße, mashariki ya mji, kuna maduka ya Waarabu na Waturuki. Utapata mchele wa basmati, iliki, bizari, tui la kopo. Ijumaa jioni pika wali wa nazi sufuria nzima, jikoni, na ule hapo hapo, mlango ukiwa wazi. Usiwaandikie mwaliko wala usipange hotuba. Tui likianza kuchemka watakuja kuuliza ni harufu ya nini, nawe una majina matatu ya kujifunza. Ila mmalize kabla ya saa nne usiku, huo ni wakati wao wa utulivu na majirani huushikilia.

Na kuna mlango mmoja ambao nadhani hujaujua. Chuo chako kilianzishwa 1409, miaka 400 kabla ya ngome yetu, na ndani yake kuna masomo ya Afrika, na Kiswahili hufundishwa. Nenda ukajitambulishe. Wanafunzi wa pale wanatafuta mtu wa kuzungumza naye, nawe unatafuta wa kukunyooshea Kijerumani. Mimi nilikutana na mmoja kila Jumatano, nusu saa lugha yangu, nusu saa yake. Siku ya kwanza aliponiamkia, "Hujambo, dada," kwenye ujia ule wa mawe, miguu iliishiwa nguvu nikakaa kwenye ngazi.

Giza nalo ulijue. Magharibi yetu ya Lamu mwaka mzima haisogei sana. Leipzig mwezi wa Desemba jua linazama kama saa kumi jioni, na mwili wa mtu wa pwani haujawahi kuambiwa hilo. Toka saa sita mchana, hata kama ni mawingu matupu, utembee nusu saa kando ya mto. Usingizi ukikataa kabisa na chakula hakipiti, nenda kwa daktari. Bima unailipia, itumie.

Umeniuliza ukirudi utawaambia nini watu. Ukifika Machi na bado moyo haujatulia, niandikie, nami nitakusaidia kurudi, nitakwenda kwa mama yako mwenyewe. Lakini kwa sasa Leipzig bado hujaikaa, umekaa chumbani.

*Mwalimu, salaam. Mimi nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Malindi. Mwanangu wa kwanza amemaliza kidato cha nne na anataka kwenda Ujerumani. Kuna wakala amesema chuo cha kule ni bure, anataka shilingi 350,000 za kazi yake, na anasema kuna pesa nyingine za "akaunti iliyofungwa" nimpe yeye aziweke. Niuze kiwanja?*
*Baba wa Wanne, Malindi*

Kaka yangu, kiwanja usiuze, na pesa za akaunti usimpe mtu.

Akaunti hiyo ipo kweli, na ndiyo inayowashtua wazazi wengi wakiisikia kwa kuchelewa. Ubalozi unataka uthibitisho kwamba mwanafunzi ataweza kujikimu mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiasi chenyewe ni euro 11,904, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Lakini akaunti hufunguliwa kwa jina la mwanafunzi, na akifika anaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi, za kodi ya chumba, bima na chakula chake. Ni pesa zake. Wakala anayetaka zipitie mkononi mwake ameshakujibu swali lako. Jirani yangu mmoja alikubali mpango wa namna hiyo. Barua ya chuo aliyopewa ilikuwa na muhuri mzuri na jina la chuo kisichokuwepo.

Kuhusu bure: vyuo vya umma vya majimbo mengi havitozi ada ya masomo, hilo ni kweli. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza euro 1,500 kwa muhula kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, tangu 2017. Na kila mahali kuna mchango wa muhula, unaotofautiana chuo na chuo. Kazi anaruhusiwa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, lakini asitegemee kitu kwenye muhula wa kwanza. Hata lugha ya kuombea kazi hana.

Na lugha ndiyo swali ambalo huyo wakala hakukutajia. Shahada ya kwanza kule kwa sehemu kubwa hufundishwa kwa Kijerumani. Kijana wa kidato cha nne asiyejua neno hata moja anahitaji muda mrefu wa kujifunza kabla hajaingia darasani. Goethe-Institut iko Nairobi, na DAAD, shirika la Wajerumani la kubadilishana wanafunzi, nalo lina ofisi Nairobi na hutoa maelezo bila malipo. Viza huombwa ubalozini na mwombaji mwenyewe. Hakuna wakala mwenye ufunguo wa pale.

Rai yangu, nami ningempa mwanangu hiyo hiyo: asome shahada ya kwanza hapa karibu, Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kiko mwendo wa matatu moja kutoka kwako, au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Miaka hiyo ajifunze Kijerumani jioni. Malindi kuna watu wa hoteli wanaokizungumza, ataupata mdomo wa kuanzia. Kisha aende kwa shahada ya pili, ambako kozi za Kiingereza ni nyingi na misaada ya masomo ipo. Atakwenda akiwa mtu mzima wa miaka 24 badala ya mtoto, na kiwanja bado kiko. Najua hatafurahi. Mkalie umweleze hesabu zote na umwonyeshe karatasi, asione kwamba ni kukataliwa tu.

*Mwalimu, naondoka mwezi ujao kwenda Ujerumani, natoka Shela. Nataka kujua mambo ya swala, chakula na kufunga. Wazee wananitisha sana.*
*Kijana wa Shela*

Usitishike, kaka. Hapa kwetu ukisema kibla umesema na kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu moja kwa moja juu yetu. Kule utageukia kusini mashariki. Siku mbili tatu itakuwa ngeni, ya nne utazoea. Vyakula vya kantini za vyuo huandikwa chenye nguruwe na chenye pombe. Dukani soma pakiti, Schwein, Speck na Schinken yote ni nguruwe, na peremende nyingi zina jelatini. Nyama ya halali iko kwa Waturuki na Waarabu, karibu kila mji mkubwa.

Kufunga mna bahati. Mimi mwaka 2010 Ramadhani iliangukia Agosti, magharibi saa mbili na nusu usiku, na alfajiri inaingia mapema mno. Miaka hii imesogea kwenye baridi, siku ni fupi kuliko za Agosti, funga yako haitaachana sana na ya Shela. Kinachochosha ni kufuturu peke yako. Tafuta msikiti wa karibu mapema, wiki ya kwanza, wala usingoje mfungo uandame. Mitihani ikigongana na Ijumaa mwambie mhadhiri wiki mbili kabla. Wengi husikiliza, wachache hawatasikiliza, na hapo utaamua mwenyewe pamoja na imamu wa pale.

*Mwalimu, mwanangu wa kike anasafiri Machi, amepewa kilo 23 za mzigo. Nimtilie nini? Nimeshakausha nyama, samli nimepika, na maembe ya mtini kwetu yatakuwa tayari.*
*Mama wa Mkomani*

Dadangu, samahani sana. Nyama na samli vitachukuliwa uwanja wa ndege. Abiria anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingiza nyama wala kitu cha maziwa, hata kidogo cha kula mwenyewe. Maembe mabichi nayo yanataka cheti cha afya ya mimea, yaache. Tende, nazi, ndizi na nanasi haviulizwi cheti. Samaki mkavu anapita, mpaka kilo 20, lakini mfunge mara tatu au nguo zote zitanuka ng'onda mpaka anarudi.

Nazi nzima mwachie, ni uzito mtupu na tui la kopo liko. Mtilie bizari yako ya pilau uliyoisaga mwenyewe, iliki, na dawa ambazo ameandikiwa na daktari pamoja na karatasi yake. Koti asinunue Mombasa, yale ni ya Nairobi ya Julai. Anunue akifika, kuna maduka ya mitumba mazuri. Viatu ndivyo vya kutilia fedha.

Leso mpe doti mbili. Moja mpya. Ya pili iwe ile unayojifunga siku hizi jikoni, na usiifue.